Mtaji bila riba na kadi ya hospitali: uchague nini, na kipi kitangulie

Muulize mwenye kibanda Kongowea, au mama anayekaanga viazi karai Mji wa Kale, anahitaji nini. Atakwambia mtaji. Akiwa Muislamu anayejichunga ataongeza: usiwe na riba. Hapo mazungumzo huhamia kwenye benki, ipi ni ya halali kweli na ipi imebandika jina la Kiarabu juu ya mlango tu. Ni swali la haki. Lakini mitaji mingi ninayoiona ikizama huku Pwani haizamishwi na mkopo mbaya. Inazamishwa na hospitali. Mtoto amelazwa, friji limeuzwa. Mke kajifungua kwa upasuaji, pesa ya kununulia mzigo imekwenda, na rejesho la mwezi liko palepale linasubiri.

Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida watu huvitenga: njia za kupata mtaji usio na riba, na njia za kulipia matibabu. Anayechagua kimoja bila kukitazama kingine huwa amechagua nusu. Nazungumzia Mombasa na Pwani ya Kenya kwa sababu ndiko ninakokujua. Ndugu wa Tanzania na Zanzibar nimewawekea yao mwishoni.

Upande wa mtaji: murabaha ya benki

Benki zisizo na riba si jambo geni tena Kenya. Barclays ilifungua akaunti ya La Riba mwaka 2005. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi 2008 zikiwa benki kamili za Kiislamu, DIB ikafuata 2017. First Community ilinunuliwa na Premier ya Somalia mwaka 2023 na sasa inaitwa Premier Bank. Benki za kawaida nazo zina madirisha yao, kama Sahl ya KCB. Kwa mfanyabiashara mdogo, karibu zote zitakuwekea mezani kitu kimoja: murabaha.

Inavyokwenda ni hivi. Unataka friji la KSh 60,000. Unaleta ankara ya muuzaji. Benki inalinunua, kisha inakuuzia wewe kwa 69,000, unalipa 5,750 kila mwezi kwa miezi 12 (namba hizi ni za mfano). Bei ikishaandikwa haipandi tena, hata ukichelewa. Faini ya kuchelewa ikiwepo haifai kuingia kwenye faida ya benki; inapelekwa kwenye sadaka. Ndivyo vinavyotaka viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu.

Kuna wanaosema hii ni riba iliyovaa kanzu. Siwalaumu, kwa sababu ikifanywa vibaya ndivyo inavyokuwa. Kinachoitenganisha murabaha na mkopo wa riba ni umiliki: benki lazima iwe imelimiliki friji kabla ya kukuuzia, na likivunjika njiani hasara iwe yake. Ofisa akikuwekea pesa kwenye akaunti, akakwambia nenda kanunue mwenyewe halafu utuletee risiti, muulize wakati gani benki ilikuwa mmiliki. Sharia inaruhusu mteja awe wakala wa benki katika kununua, lakini lazima uwakala huo uandikwe na mauzo ya pili yafanyike baada ya bidhaa kupatikana. Asipokuwa na jibu, umejibiwa.

Jambo jingine watu hawalipigii hesabu. Halali haimaanishi rahisi. Ile 9,000 juu ya 60,000 inaonekana kama asilimia 15. Lakini deni lako linapungua kila mwezi. Miezi sita baadaye hudaiwi tena 60,000. Ukiweka hesabu sawasawa, murabaha hiyo inakugharimu sawa na mkopo wa kawaida wa karibu asilimia 27 kwa mwaka unaohesabiwa kwenye baki la deni. Si haramu kwa sababu hiyo, biashara ina faida yake. Ila ukiwa na benki mbili za Kiislamu mbele yako, usilinganishe sura za mashehe walio kwenye bodi ya sharia. Linganisha jumla ya pesa utakayotoa, pamoja na ada ya kufungua faili, bima ya bidhaa na gharama ya wakili kama ipo.

Murabaha inafaa kwa kitu kinachoshikika na chenye ankara: friji, cherehani, jiko la gesi, mzigo wa jumla. Kwa tuktuk waulize kuhusu ijara, yaani benki inakukodisha na mwishoni chombo kinakuwa chako, au ubia unaopungua ambapo unanunua sehemu ya benki kidogo kidogo. Haifai kwa kodi ya duka, mshahara wa kijana wako, wala kwa samaki unaowanunua alfajiri ufukweni kwa mvuvi asiyejua risiti ni nini. Hapo ndipo wengi wanapodanganya: wanaleta ankara ya rafiki, pesa inazunguka, bidhaa haikuwahi kuwepo. Akifanya hivyo mtu amelipa bei ya halali akapata riba.

Mkopo wa simu, pamoja na ule wa halali

M-Shwari ilipoanza 2012 ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Fuliza ikaja 2019 na ada zake za kila siku. Zinaitwa ada, na wapo wanaojifariji kwa neno hilo. Ada inayolipwa kwa sababu ya kukopa, na inayokua kwa kadiri unavyochelewa, sioni mwanachuoni wa kuaminika atakayeipitisha.

Mwaka 2022 Safaricom na Gulf African Bank walileta Halal Pesa, ili Muislamu naye apate pesa za haraka kwenye simu. Ni hatua, na kwa mtu mwenye dharura ya siku chache ni bora mara kumi kuliko Fuliza. Lakini ujue mjadala ulioko nyuma ya bidhaa za namna hii popote duniani. Benki ikitaka kukupa taslimu bila riba, njia yake ya kawaida ni tawarruq: inakuuzia bidhaa kwa mkopo, bidhaa hiyo inauzwa papo hapo kwa mwingine, wewe unabaki na pesa na deni kubwa kidogo. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Sharjah mwaka 2009 likasema tawarruq iliyopangwa na benki namna hiyo haifai. Bodi nyingi za sharia za benki bado zinaipitisha. Kwa hiyo kila unapoona neno la halali juu ya pesa taslimu, uliza mkataba ni wa aina gani, kisha umuulize shehe unayemwamini, si ofisa wa mauzo.

Mchezo, chama, na ile asilimia kumi ya kila mwezi

Wanawake kumi, elfu moja kila Ijumaa, kila Ijumaa mmoja anaondoka na elfu kumi. Mchezo ni wa zamani kuliko benki zote nilizozitaja, na Wasomali wa Eastleigh na Garissa wana wao wanaouita hagbad au ayuuto. Hauna riba hata chembe: kila mtu anatoa na kupokea kiasi kilekile. Hauna fomu. Dhamana yake ni uso wako mtaani.

Udhaifu wake nao uko wazi. Zamu yako inakuja inapokuja, na Ramadhani haikungojei. Tena kiasi chake kina mpaka, kwani mchezo haukuongezei mtaji, unakukusanyia tu akiba yako mwenyewe mahali pamoja. Ila una jambo moja ambalo hakuna benki inayokupa: mwenzako akiuguliwa, watu wazima wanakaa chini na kubadilishana zamu. Vikundi vyenye busara huandika kanuni hiyo mapema, kwamba ugonjwa wa kulazwa unaruka foleni, badala ya kuliacha jambo hilo kwa huruma ya siku hiyo.

Kisha kuna chama kinachokopeshana. Wanachama wanaweka akiba, mmoja anakopa elfu ishirini, anarudisha na asilimia kumi kila mwezi, mwisho wa mwaka faida inagawanywa. Wanachama wengi ni Waislamu wanaosali. Ukiwauliza, wanasema si riba kwa kuwa pesa inaturudia sisi wenyewe. Hili nalikataa, na si kwa fiqhi peke yake, ingawa fiqhi iko wazi: mkopo wenye nyongeza iliyoshurutishwa ni riba, awe anayeipokea ni benki au dada yako. Tazama daftari la mwisho wa mwaka. Anayekopa sana ni yule mwenye shida sana. Anayepokea sana ni yule mwenye akiba nyingi. Pesa haikuturudia sisi. Imetoka kwa mwanachama maskini kwenda kwa mwanachama mwenye uwezo, na chai juu.

Chama kama hicho kinaweza kujirekebisha bila kuvunjika. Njia ya kwanza: kukopeshana bila nyongeza, na kila mwanachama, aliyekopa na asiyekopa, atoe mchango sawa wa mwezi wa kuendeshea kikundi. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kikundi kuwa mfanyabiashara. Badala ya kumkopesha mwanachama pesa za unga na mafuta, kikundi kinanunua magunia kwa bei ya jumla, kinayapokea, kisha kinamuuzia kwa faida iliyotajwa na muda wa kulipa. Hiyo ni murabaha ileile ya benki, ila faida inabaki mtaani na anayekudai unamjua kwao.

Pesa za serikali

Hazina mbili zinazochanganywa sana. Hustler Fund, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko mikopo mingi ya simu, na ni riba. Hakuna la kuzunguka hapo.

Uwezo Fund ni habari nyingine. Inakopesha vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuanzia KSh 50,000 hadi 500,000, bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3 inayolipwa mara moja. Kuhusu ada hiyo wanachuoni wana la kusema: kanuni ni kwamba anayekopesha aweza kurudishiwa gharama halisi za kuandaa mkopo, na asilimia si gharama halisi, kwa kuwa kuandika mkopo wa laki tano hakugharimu karatasi mara kumi zaidi ya mkopo wa elfu hamsini. Hoja ina nguvu. Hata hivyo ukiniambia nichague kati ya asilimia 3 ya mara moja na kikundi kinachokamuana asilimia kumi kila mwezi, sihitaji kufikiri. Tatizo la Uwezo ni mwendo wake: usajili, mafunzo, kamati ya eneo bunge, na kusubiri. Usiitegemee kwa mzigo wa Idi ya mwezi ujao.

Ubia na ndugu aliye ng'ambo

Pwani karibu kila ukoo una mtu Muscat, Dubai au Jeddah. Akituma pesa, kwa kawaida huwa ni msaada au mkopo, na mara chache sana huwa ni kile ambacho sharia imekipangia nafasi kubwa zaidi: mudaraba. Yeye anatoa laki mbili, wewe unatoa kazi. Mnakubaliana mgao wa faida kwa sehemu, tuseme wewe asilimia 60 yeye 40. Kusiwe na kiasi kilichokatwa, kama elfu tano kila mwezi. Biashara ikipata hasara bila uzembe wako, hasara ya pesa ni yake na wewe umepoteza jasho lako. Akisema anataka mtaji wake urudi salama hata kama duka litaungua, basi huo si ubia tena, ni mkopo, na ile asilimia 40 inageuka kuwa riba.

Kwa asiye na dhamana, hii ndiyo njia ninayoiona bora kuliko zote, na ndiyo inayovunja undugu zaidi kuliko zote, kwa sababu moja: hakuna daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura al-Baqara, ni ya kuandikiana madeni, na sisi tunaandikiana kwa ujumbe wa sauti. Weka till ya M-Pesa ya biashara peke yake, usichanganye na ya nyumbani, na umtumie taarifa kila mwezi hata kama hajauliza.

Nimeziweka hapa pamoja kwa anayetaka kuziona kwa jicho moja:

| Njia | Inafaa kwa | Inafika lini | Wanachotaka | Shaka ya kisharia |
|---|---|---|---|---|
| Murabaha ya benki | Vifaa, mzigo wenye ankara | Wiki kadhaa | Taarifa za benki na M-Pesa, kibali cha kaunti, dhamana au mdhamini | Ndogo, kama umiliki ni wa kweli |
| Halal Pesa | Pengo la siku chache | Papo hapo | Laini iliyosajiliwa | Ulizia aina ya mkataba |
| Mchezo | Akiba ya lazima | Zamu yako | Kuaminika | Hakuna |
| Chama cha asilimia 10 | – | Haraka | Uanachama | Ni riba |
| Uwezo Fund | Kikundi kilichotulia | Miezi | Usajili wa kikundi | Ada ya asilimia |
| Mudaraba | Kukuza biashara | Mkikubaliana | Daftari safi | Hakuna, ikiandikwa sawa |

Upande wa matibabu: SHA kwanza

Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya serikali, imekwisha na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, imeshika nafasi yake. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Mfanyabiashara mdogo anaulizwa maswali ya hali ya maisha, nyumba yake imeezekwa nini, anapikia nini, na mfumo unamkadiria mchango wake, usiopungua KSh 300 kwa mwezi. Kiwango cha chini ni chepesi kuliko 500 ya NHIF ya zamani. Uzito umehamia mahali pengine: asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa uchache, na kwa wengi makadirio yanatoka juu ya hapo. Ndiyo maana serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango huo unaourudisha kidogo kidogo. Kabla ya kuingia humo soma unarudisha kiasi gani juu ya mchango wenyewe, kwa maana isije ikawa umekimbia riba ya duka ukaikuta hospitalini.

Kujiandikisha (kwa *147#) na kulipa ni vitu viwili. Ukiwa umejiandikisha tu, zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, vinakuhudumia bila malipo kupitia mfuko wa afya ya msingi. Ukilazwa hospitali ya kaunti au Coast General, ambayo sisi tunaiita Makadara, lazima mchango uwe umelipwa. SHA ilipoanza iliweka malipo ya KSh 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Weka hiyo 30,000 kando ya mtaji wa mama wa mahamri na utaona kwa nini nasisitiza kadi itangulie.

Je, ni halali? Wapo wanaoikwepa wakisema bima ni haramu. Uamuzi wa Baraza la Fiqhi la mwaka 1985, uliotolewa Jeddah, ulihusu bima ya kibiashara, ambapo kampuni inauza hatari kwa faida. Bima ya kushirikiana ukairuhusu. Na baraza la utafiti la Al-Azhar mwaka 1965 lilikwishasema kwamba mifumo ya serikali ya hifadhi ya jamii inafaa. SHA si kampuni ya kuuza bima. Tena ni sheria ya nchi. Mimi sioni udhuru hapo, ila mashehe wapo, waulizeni.

Kuna tatizo halisi kuliko la fatwa nalo ni karatasi. Bila kitambulisho huingii SHA, hufungui akaunti, kikundi chako hakisajiliwi. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023 tu, baada ya vizazi vya kuvua na kuuza samaki pasipo kitambulisho. Mwenye watoto awahi vyeti vya kuzaliwa. Na mwanamume mwenye wake wawili aulize mapema kila nyumba imeandikishwa vipi, mke wa pili asije akagundua mlangoni mwa wodi ya wazazi kwamba jina lake halimo.

Kabla hata ya kadi, mtumie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 wao Septemba 2023, na wanabeba mashine ya kupima shinikizo la damu na sukari. Presha iliyogunduliwa barazani ni vidonge. Iliyogunduliwa kwa kupooza ni duka limefungwa.

Takaful, na mfuko wa msikiti

Takaful ni bima ya kushirikiana: michango inaingia kwenye mfuko wa wanachama kama tabarru, yaani mchango wa kujitolea, kampuni inasimamia kwa ujira, na ziada ya mwisho wa mwaka ni ya wanachama. Takaful Insurance of Africa ilianza Kenya 2011, na mwaka 2014 ikalipa wafugaji wa Wajir fidia ya ukame. Kwa mfanyabiashara mdogo, takaful ya duka na mzigo dhidi ya moto ina maana kubwa. Masoko yetu yanaungua. Takaful ya matibabu ni nzuri kwa anayemudu, lakini haichukui nafasi ya SHA, inakaa juu yake. Mkienda kama kikundi au chama mtasikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja mmoja. Someni orodha ya yasiyolipiwa, hasa uzazi wa mwaka wa kwanza na maradhi mliyokuwa nayo tayari.

Mfuko wa msikiti ni jambo tofauti kabisa na hapa watu hukosea matarajio. Msikiti unachangisha baada ya msiba kutokea; hauna ahadi. Leo Ijumaa limetangazwa jina lako, wiki ijayo kuna wengine watatu. Hospitali za jumuiya, kama ya MEWA hapa Mombasa, zinasaidia sana, na kambi za matibabu za bure zinagundua mengi. Lakini huwezi kupanga marejesho ya miezi 12 juu ya changizo.

Zaka ndiyo naona tunaitumia chini ya uwezo wake. Miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura at-Tawba wamo wenye madeni. Mchuuzi aliyekopa kumtibu mwanawe na akashindwa kulipa yumo, na kumlipia deni lake kwa zaka kunarudisha kibanda kizima kwenye kazi. Kukopesha, kwa upande mwingine, kufanywe kwa pesa za sadaka na wakfu, kwa kuwa wanachuoni wengi wanataka zaka imilikiwe na anayepewa. Pakistan wamelionyesha hili kwa ukubwa: shirika la Akhuwat, lililoanza Lahore mwaka 2001, linakopesha wafanyabiashara wadogo bila riba, mikopo ikikabidhiwa misikitini mbele ya majirani, na linaendesha huduma za afya pia. Mwanzilishi wake, Amjad Saqib, alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay 2021. Kamati zetu za misikiti zinajua kuchangisha mabati na mazulia. Kuchangisha mfuko wa karadha njema, yaani mikopo isiyo na nyongeza, si kazi ngumu zaidi ya hiyo.

Nani achukue nini

Mama wa mahamri na kaimati, mauzo ya elfu mbili tatu kwa siku, watoto wanne: alipe SHA ya mwaka kwanza, kwa zamu ya mchezo. Ndiyo, zamu nzima iende huko ikibidi. Mtaji wake anauzungusha kila siku, hahitaji benki, anahitaji usikatike. Zamu inayofuata ndiyo ya kununulia jiko kubwa.

Fundi cherehani anayetaka mashine ya pili: murabaha inamfaa hasa, kwa kuwa mashine ina ankara na inaingiza pesa tangu siku ya kwanza. Asitie saini kabla SHA haijalipwa, na rejesho lisivuke theluthi ya faida ya mwezi mbaya. Nasema mwezi mbaya, ule usio na arusi, si Shaabani.

Kijana wa tuktuk ana hatari kubwa zaidi kuliko wote, mwili wake ndio mtaji na barabara ndiyo ofisi. Kampuni zinazotoa vyombo kwa malipo ya kila siku zinamvutia kwa wepesi wake. Ajumlishe malipo yote hadi siku ya mwisho, alinganishe na ijara ya benki au na ubia wa mjomba. Bima ya chombo ya mtu wa tatu haimtibu mguu wake, SHA ndiyo.

Muuza samaki asiye na risiti, murabaha si yake. Mudaraba au kikundi kinachonunua kwa pamoja na kugawana barafu na faida.

Kwa wa Tanzania na Zanzibar

Benki hamzikosi: Amana tangu 2011, La Riba ya NBC, Al Barakah ya CRDB, PBZ kwa Visiwani. Maswali ni yaleyale ya umiliki na jumla ya malipo. Mnayo pia nafasi ambayo sisi tunaionea wivu: ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo sheria tangu 2018 inataka ikopeshwe bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi cha VICOBA (cha kuweka akiba na kukopeshana) kilichosajiliwa kikiipata, hakina sababu ya kutozana riba ndani.

Upande wa matibabu, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, imekuwa ikiandikisha kaya ya watu sita kwa TSh 30,000 kwa mwaka nje ya Dar es Salaam, bei ya chini mno kwa kinachopatikana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na utaratibu unahama, kwa hiyo muulizeni ofisa wa mtaa kifurushi gani kinaandikishwa sasa kabla ya kutoa pesa. Zanzibar Mfuko wa Huduma za Afya ulianza mwaka huohuo, kwa watumishi wa umma.

Na kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, akikuambia hatozi riba, anachukua "fomu" na "ada" tu, chukua kalamu mbele yake. Andika jumla ya marejesho yote, toa pesa uliyoshika mkononi baada ya makato, umwonyeshe kinachobaki, halafu mwache akueleze kinaitwaje.